Mtu Aliyeliponda Gari Lake Mwenyewe

Katika mnada wa Nkololo hakuna ng'ombe aliyewahi kumridhisha Maduhu. Miaka yote aliyonunua mifugo, alimzunguka mnyama taratibu, mikono mgongoni, uso umekunjamana kama wa mtu aliyeitwa kutambua maiti, kisha akaanza. Huyu ana kwato mbaya. Huyu anapumua kama mzee. Huyu mnamwita nzagamba, fahali wa kundi, mimi namwona mgonjwa mwenye pembe. Mwenye ng'ombe hakukasirika. Naye alimsifu mnyama wake mpaka mnyama mwenyewe akainamisha kichwa kwa aibu, na jua likipanda wakakutana katikati, wakapeana mikono. Ndivyo biashara ilivyo huku kwetu: anayenunua huponda, anayeuza husifu, na ukweli husimama kati yao ukicheua.

Magoti yalipomchosha, Maduhu aliuza ng'ombe wachache akanunua kirikuu, ile pikapu ndogo inayobeba kila kitu, kuanzia matofali hadi maharusi. Lakini aliyeifanya iwe na maana alikuwa mkewe, Nyanjige. Siku za mzigo Nyanjige alilala Lamadi kwa dada yake, akaamkia mwaloni, ziwani wanakoshushia samaki, kununua sato na sangara, akawafukia kwenye barafu, na Maduhu akawaleta Bariadi kabla barafu haijawa maji. Wenye hoteli wa mjini walimsubiri. Kirikuu ilipotoka, nyumba ilikula. Ilipolala kwa fundi, nyumba ilihesabu siku, kwa sababu mwenye hoteli hana subira ya mapenzi: usipomletea samaki wewe, atamletea mwingine.

Kwa hiyo bima ilipokaribia kuisha, Nyanjige alisema neno moja tu.

"Baba Salu, safari hii kata bima kubwa. Ile ndogo inamlipa tutakayemgonga. Sisi tukianguka, atatulipa nani?"

Maduhu akaenda mjini, kwa dalali wa bima aitwaye Novatus. Neno dalali lilimfurahisha. Madalali aliwajua, alishawatoa jasho wengi. Akamkuta kijana nadhifu, feni inazunguka, kalenda tatu za kampuni tatu ukutani, kama vile mwaka mmoja haumtoshi.

"Mzee wangu, gari lako unalithamini kiasi gani?" akauliza Novatus.

Hapo ndipo damu ya mnadani ilipoamka. Maduhu aliona wazi kwamba yeye ndiye mnunuzi, na mnunuzi ana kazi moja duniani.

"Thamani!" akacheka. "Kijana, ungeliona lile gari ungenipa pole. Injini inakohoa. Mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba. Breki nazo, ukizikanyaga, zinafikiria kwanza."

Yote hayo yalikuwa uongo. Kirikuu ile ilikuwa nzima kama yai, na Maduhu aliifuta vumbi kila jioni kwa kitambaa ambacho hakumruhusu hata mkewe akiguse.

"Kama ni bovu hivyo, si ulipeleke kwa wauza chuma chakavu?" Novatus akasema. "Bima ya nini tena?" Kisha akamtajia thamani ya kirikuu kama hiyo sokoni, na bei ya bima yake.

"Wewe punguza bei, acha maneno."

"Bei inatokana na thamani, mzee. Ukisema gari ni la hela ndogo, utalipia kidogo, na likifa utalipwa kidogo hichohicho. Ukiliponda, unajiponda."

"Na wewe humo unapata chako."

"Napata, ndiyo. Kampuni inanilipa kamisheni. Kwani nimekuficha?"

Jibu hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Maduhu alijua kwamba mtu anayekiri kula kijiko anaficha chungu. Na zaidi ya hapo, dalali gani huyu asiyeteremka hata kidogo, anayekaa na bei yake kama mama mkwe kwenye kigoda? Akaaga kwa heshima, akaondoka akimhurumia.

Sokoni alikuwapo Joyness, binti wa mdogo wake, aliyekuwa na kibanda cha wakala wa pesa. Kizazi cha Joyness kina dawa ya kila ugonjwa, na dawa yenyewe iko kwenye simu.

"Baba mkubwa, mambo ya madalali yamepitwa na wakati. Unakata mwenyewe mtandaoni. Hakuna wa kukulia hela."

Maneno matamu kama hayo Maduhu alikuwa hajayasikia tangu siku ya harusi yake. Wakakaa. Joyness akajaza namba ya gari, akajaza thamani ileile aliyoitaja Novatus kuwa ndiyo bei ya kirikuu kama hiyo sokoni. Simu ikafikiri, ikatoa bei. Ilikuwa ileile ya Novatus, shilingi kwa shilingi.

"Kumbe na humu wamemficha dalali," Maduhu akanung'unika. "Hebu iambie gari ni bovu."

"Haina sehemu ya kusema hivyo. Labda tushushe thamani."

"Shusha."

Joyness akashusha, na bei ikashuka.

"Ehee! Imeogopa. Shusha tena."

Ikashuka tena. Maduhu akavuta kiti karibu, macho yanang'aa. Maisha yake yote hakuwahi kukutana na muuzaji mnyenyekevu kiasi hiki. Hakusifu mali. Hakuapa kwa jina la mama yake. Hakujifanya anaondoka. Ulisema, akatii.

"Baba mkubwa, hii sasa ni thamani ya pikipiki," Joyness akasema, kidole kimesita.

"Kwani imekataa?"

"Haijakataa."

"Basi endelea. Itakataa ikifika mwisho wake."

Simu haikukataa. Haikuuliza kama mzee huyu ana akili timamu, wala ana mke, wala huyo mke anategemea nini. Iliomba picha ya gari tu, na Maduhu akachagua ubavu wenye mkwaruzo. Ikashukuru kwa maandishi, na mkataba ukakamilika.

Nyumbani alitembea kama aliyerudi na kundi zima la ng'ombe.

"Bima kubwa," akamwambia Nyanjige. "Kwa bei karibu na ile ndogo."

"Umewezaje?"

"Nimeongea nao."

Nyanjige alimtazama kwa upendo ambao hata mimi ninayesimulia naona vibaya kuucheka. Usiku ule alimpikia sato mkubwa, yule ambaye angeuzwa kwanza.

Masika yalipoanza, asubuhi moja yenye utelezi, Maduhu alikuwa akitoka Lamadi na mzigo kamili wakati kundi la ng'ombe lilipoamua kuvuka barabara. Akakata kona kuwakwepa. Ng'ombe walisalimika wote, nao hawakugeuka hata kuangalia. Kirikuu ilibingirika mara mbili, ikalala korongoni magurudumu juu. Maduhu alitoka kupitia dirishani na mchubuko wa kiwiko. Wasamaria walifika haraka sana kumsaidia, wengi wakiwa na ndoo, na alipomaliza kuwashukuru, samaki nao walikuwa wameshasaidiwa.

Fundi alilitazama gari akasema chasisi imepinda, hili ni la kuuza kwa kilo. Nyanjige hakulia.

"Mungu mkubwa," alisema. "Tuna bima kubwa."

Kampuni ikamtuma mkaguzi kutoka Mwanza, mwanamke mtulivu aitwaye Wilhelmina. Alipofika gereji, Maduhu alikuwa tayari, amevaa shati la kanisani. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na mali ya kuuza, na anayeuza husifu.

"Mayu, mama yangu, hukuliona likiwa hai," akaanza. "Injini hii ilikuwa haisikiki. Hii breki ungeikanyaga kwa kidole kidogo cha mguu. Milango ndiyo usiseme, ilikuwa inafunga yenyewe kwa adabu."

Wilhelmina akachungulia, akapapasa, akapiga picha zake.

"Nakubali, mzee wangu. Lilikuwa gari zuri. Kwa macho yangu lilikuwa na thamani mara tatu ya uliyotuambia."

"Basi andika mara tatu."

"Siwezi. Tunalipa kwa kiwango ulichokikatia mwenyewe."

"Yale yalikuwa maneno ya biashara tu! Kila mtu anajua anayenunua anaponda."

"Anajua nani, mzee? Uliyekuwa unaongea naye alikuwa simu."

Maduhu akajaribu la mwisho, lililomtoa salama minadani miaka yote. Akanyoosha mkono.

"Tukutane katikati, mayu."

Wilhelmina aliushika mkono ule kwa heshima zote.

"Hakuna katikati, mzee wangu."

Nyanjige alikuwa amesimama karibu na boksi la samaki lililopasuka.

"Baba Salu, uliwaambia gari letu ni bovu?"

"Nilikuwa nashusha bei."

"Bei ya nani?"



Malipo yalikuja mapema, hilo lazima lisemwe kwa haki, bila kupungua hata senti. Yakatosha kununua toyo ya mtumba, ile pikipiki ya magurudumu matatu, ambayo hubeba maji na mchanga vizuri kabisa hapa mjini, na ambayo hakuna mwenye akili atakayeitegemea kufikisha barafu kutoka Lamadi. Wenye hoteli walisubiri kwa huzuni kubwa, kama wiki moja hivi, kisha wakapata mama mwingine wa samaki.

Nyanjige akapanga kibanda Lamadi, auze palepale kwa wapita njia wa barabara kuu. Siku aliyohamia, Maduhu alimbebea ndoo na godoro kwa toyo mpaka stendi, akampandishia mzigo kwenye basi, konda akitaja nauli ya ndoo, yeye akailipa bila kubisha. Mkewe alikaa dirishani.

"Utarudi lini, mama Salu?"

Nyanjige alikunja kanga yake mapajani, akaitazama ile toyo chini, kisha akamtazama mumewe.

"Nikipata gari," akasema.