Siku Tatu za Granada Kabla Shamba Halijauzwa

Majirani wote wa kijijini kwetu Birkat al Mauz niliwaambia kuwa tunakwenda kutalii. Ukweli ni kwamba mume wangu, Nasor, alikuwa amepata mnunuzi wa shamba aliloachiwa na marehemu mama yake: mitende na migomba iliyo chini ya mlima, pamoja na zamu yake ya maji ya falaj, ule mfereji wa kale unaoteremsha maji kutoka chemchemi hadi mashambani. Mnunuzi alitaka kujenga nyumba ya kulala wageni. Nasor alishamkubalia kwa mdomo, na Jumatatu walikuwa waandikiane. Mimi sikutaka liuzwe, lakini shamba ni lake, sikuwa na kauli. Basi nikamwomba jambo moja tu. Kabla ya hiyo Jumatatu, anipeleke Granada, kule Ulaya, mji ambao nimewasomesha watoto wa watu historia yake kwa miaka ishirini na tisa bila ya kuutia machoni. Alikubali upesi, nadhani kwa kunionea haya.

Nilichokusudia sikumwambia. Granada ina bustani za tangu enzi za Waislamu, na mpaka leo zinanyweshwa kwa mifereji inayotoka mlimani, kama zetu. Nilikuwa na hakika kwamba akiziona atarudi na moyo mwingine. Mwalimu mzuri humfikisha mtu mahali, akadhani kafika mwenyewe, na mimi nilikuwa mwalimu mzuri.

Jumatano, kabla hakujapambazuka, binti yetu Salma alitupeleka Muscat kwa gari lake. Nasor alikuwa amevaa sweta juu ya kanzu na kilemba amekizungusha shingoni, na mapajani amepakata mkoba wenye dele la kahawa na kopo la tende. "Baba, Ulaya kuna kahawa," Salma alimwambia. "Kuna maji meusi," alijibu, na hapo mazungumzo yakaisha.

Tulibadilisha ndege mara moja, na alasiri tukawa Madrid. Kutoka hapo tulipanda treni kuelekea kusini. Saa nzima nje ya dirisha hapakuwa na kitu ila mizeituni, safu kwa safu, kilima baada ya kilima. Nasor alibandika uso kiooni.

"Mama Salma, yote hii anaivuna nani?"

"Wenyewe," nilimwambia, nikacheka kimoyomoyo. Hata hatujafika, hila yangu ilishaanza kazi.

Granada tuliingia jioni, na ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Tulifikia kwa Bi Remedios, mjane anayepangisha vyumba viwili vya nyumba yake Albaicín, mtaa wa kale uliopanda kilima kwa vichochoro vya mawe. Teksi ilituacha chini, tukaburura masanduku yetu huku Nasor akihesabu ngazi kwa sauti ili nijue ninavyomtesa. Mwenyeji wetu alitupa supu ya dengu. Nasor, asiyekubali kukirimiwa bila kukirimu, akaomba jiko, akapika kahawa, akamtilia kikombe. Bi Remedios akanywa, akarudisha. Nasor akatia. Akanywa tena, Nasor akatia tena. Kwetu aliyetosheka hukitikisa kikombe, na asiyetikisa humiminiwa. Yule mama wa watu kikombe cha sita akaanza kutoka jasho, ndipo nilipomshika mkono nikamwonyesha kutikisa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha akala tende, akauliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kama zimetoka shambani kwetu. Nilimfasiria Nasor.

"Mwambie ndizo za mwisho," alisema, macho yake kwenye dele.

Nilimwambia ndiyo, za shambani kwetu. Hayo mengine sikuyafasiri.

Alkhamisi tuliizunguka Granada kwa miguu. Tuliona kanisa kubwa lililojengwa ulipokuwa msikiti, tukapita kwenye maduka ya viungo yaliyoninukia kama jikoni kwa mama yangu kule mjini Ibra, mama aliyezaliwa Unguja na asiyeacha kupika Kiunguja hata siku moja. Barabarani kuna michungwa yenye machungwa mekundu yasiyochumwa na mtu. Nasor alichuma moja, akalimenya, akatia mdomoni, na uso ukamkunjamana. "Ndo maana wameyaacha," alisema. Alasiri tulisali katika msikiti mdogo ulio juu ya mtaa, na kutoka pale tukauona mji wa kifalme wa Alhamra ng'ambo ya bonde, ukuta wake mwekundu, na nyuma yake mlima wenye theluji. Nilitokwa na machozi na sikuyaficha. Nasor alinipa ncha ya kilemba nijifute.

Ijumaa asubuhi tulipanda Alhamra. Tiketi zetu zilikuwa na saa ya kuingia majumba ya wafalme: saa tano kamili, na ukichelewa hukosa. Majumba hayo ndiyo niliyoyangoja miaka yote. Lakini nilipanga tuanze na bustani, kwa sababu zangu nilizokwisha kuzieleza. Nilimpitisha Nasor kwenye ngazi ambazo maji yanateremka juu ya kuta zake za pembeni, nikamweleza nani alichimba na maji yametoka wapi. Nilisema vizuri sana. Alisikiliza kwa adabu, kisha akatazama ule msururu wa watalii.

"Umeona?" aliniambia. "Watu wanatoka duniani kote kuja kulala karibu na maji. Yule mnunuzi hajakosea, wallahi."

Nilihisi kama nimejipalia makaa mwenyewe. Tulishuka kwenye njia inayopita kando ya viunga vya mboga, ambavyo mpaka leo vinalimwa, na mimi nilikuwa natafuta hoja nyingine. Nilipogeuka, Nasor hayupo. Alikuwa amevuka kamba ya kuzuia watalii, amepiga magoti kando ya kijifereji cha udongo kilichokuwa kimetoboka ubavuni, maji yanapotea njiani. Alikivua kilemba, akakisokota, akakisukuma tunduni, akaegemeza jiwe, akapiga tope juu yake kwa kiganja. Alifanya haraka bila ya kufikiri, kama mtu anavyomfuta mtoto pua.

Filimbi ikalia. Mlinzi, mwanamke mrefu, alikuja mbio akimwamuru atoke. Nilikwenda kumtetea kwa Kiingereza changu chote. "Ni mtu wa mifereji," nilisema, "kwetu ukiona maji yanavuja hupiti, hata kama si yako." Mlinzi akamwita mtunza bustani, mzee wa makamo mwenye jembe begani. Yule alitazama tundu, akakanyaga tope kulijaribu, akamtazama Nasor mikono. Akamwambia mlinzi maneno mawili matatu, na yule akaondoka. Kisha akaashiria kilemba, kama kwamba akitoe amrudishie. Nasor akatikisa kichwa. Wakapeana mikono, yote minne na tope lake.

Nilifurahi kupita kiasi. "Baba Salma, twende, imebaki robo saa."

Hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa njia, anajifuta macho kwa mkono wenye tope.

"Tundu la mtu nimeliziba," alisema. "Letu linavuja tangu mama afe. Miaka miwili napita, naligeuzia uso. Siwezi mie peke yangu, Mama Salma. Kila nikiingia mule, nakuwa peke yangu."

Nilikaa karibu yake. Nilitaka kusema kitu kizuri, lakini akaniwahi.

"Na wewe unalipenda shamba. N'najua kwa nini umenileta huku, mie si mtoto. Hebu niambie, mara ya mwisho kuingia ni lini?"

Nikatafuta. Tende zake nazila, ndizi zake nazigawa kwa majirani, na kila asubuhi nalitazama kutoka darini nikimshukuru Mungu. Kuingia, sikukumbuka.

"Sijui," nilimwambia.

Saa tano ikapita tumekaa pale pale. Nimerudi kutoka Granada sijayaona majumba ya wafalme, na watu wakiniuliza nawaambia hivyo hivyo.

Jumamosi tulimuaga Bi Remedios, tukamwachia kopo la tende. Njia ya kurudi Nasor alilala, au alijifanya amelala. Ndege ilipokaribia Muscat ndipo nilipomgusa.

"Zamu yetu ya maji siku gani?"

Alifumbua jicho moja. "Jumatatu, jua likishatoka."

Nilichojifunza katika safari hii si kikubwa. Mume wangu hakuwa amelichoka shamba. Alichoka kulibeba mwenyewe, na mimi nilikuwa nikimtaka alibebe kwa ajili yangu.

Jumatatu jua lilipotoka nilivaa viatu vya mpira vya Salma, nikajifunga kanga kiunoni, nikachukua jembe. Nasor alikwenda juu kufungua maji, akanipa kazi ya kuyaongoza kwenye migomba. Nilikosea mara mbili. Ya kwanza nikainywesha njia, ya pili nikajinywesha mwenyewe. Nilikuwa tope mpaka magotini mnunuzi alipofika na bahasha yake, amevaa kanzu nyeupe pe, akasimama mbali.

"Assalamu alaikum, mama. Namtafuta mwenye shamba."

Nasor alishasikia, alikuwa anateremka kwa kando ya mfereji. Alimsalimia vizuri, akamwomba radhi kwa kumsumbua, kisha akanionyesha mimi kwa kidole chenye tope.

"Nisamehe, ndugu yangu," alimwambia. "Shamba limepata mtu."