Chafya ya Mama

Mama alipata uvimbe nyuma ya jicho la kulia, ukawa unakandamiza mshipa wa kuonea. La kushoto lilikuwa limeshakufa kwa presha ya macho, kwa hivyo hilo la kulia ndilo jicho alilobaki nalo. Daktari alituambia hatapasua kichwa. Angepitisha puani kijibomba chembamba chenye kamera, autoe uvimbe kwa njia hiyo hiyo. Nilidhani anatufanyia mzaha, lakini aliutoa, na Mama alipozinduka aliniangalia usoni akauliza mbona sijanyoa ndevu.

Masharti yalikuwa machache. Asipenge kamasi, asipandishe maji puani akitawadha, na chafya ikimjia aachame, aiache itokee kinywani, maana ndani kidonda kilikuwa kibichi.

Balaa ni kwamba kidonda hicho hakuna aliyekiona. Tulirudi nyumbani Bondeni tukakuta sebule imejaa majirani, wakamtazama Mama hana bendeji wala uzi. Mtu aliyepasuliwa hakai hivi, walisema, wakacheka kwa furaha. Khalati, mdogo wake Mama, akaleta chetezo cha udi amfukize, kama anavyofukizwa kwetu mtu aliyerudi salama. Nikasema moshi utamdhuru, nikaambiwa udi haujamdhuru mtu.

Chafya ikamjia. Mama, aliyetulea sote tukijua kwamba mbele ya wageni mtu hujistahi, akabana pua kwa leso, akafumba kinywa, akaimeza. Hata sauti haikutoka. Jicho likavimba pale pale, kumbe hewa na damu vimejaa nyuma yake. Daktari aliingia tena kwa pua ile ile akaiondoa damu, lakini mshipa ulikuwa umeshakufa.

Watu huniambia nishukuru, Mama yu hai. Nimechoka kushukuru. Naukasirikia udi, na daktari namkasirikia kwa ufundi wake wote usioacha alama. Lau angempasua utosi tukaziona nyuzi, nani angethubutu kumsogezea chetezo? Sasa Mama hupapasa ukuta kwenda msalani, na mimi sina la kumfanyia.

Juzi nilishindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini hakuachama kama alivyoambiwa. Nilikuwa nimesimama dirishani. Yeye akauelekea mlango, akaujibu mlango kwa upole, akidhani ndiko niliko.

"Mbele za watu, mwanangu?"