Jibu la Wacera kwa Swali la Mwalimu

Wacera alikuwa na kitabu kimoja tu nyumbani, Biblia, na hicho ndicho kilichomfundisha kusoma akiwa mtu mzima. Usimcheke basi akidhani kwamba kinajibu kila swali la darasa la tano. Binti yake Wamucii akija na hesabu, walijumlisha mikate mitano na samaki wawili. Akija na somo la mvua, walianza na Nuhu. Wanawake wenzake waliookoka walimsifu kwamba anamlea mtoto katika njia ya Bwana, na sifa hizo alizipenda mno, ingawa hakuwahi kulitubu hilo katika ushirika wa Alhamisi.

Yeye na mumewe walitoka Nyeri mwaka wa 1966, kampuni waliyoichangia na wenzao ili kupata ardhi iliponunua shamba la Mzungu upande wa Chepsaita, mbele ya Turbo ukitoka Eldoret. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga. Wenyeji wa pale hawakupona. Wanandi waliokuwa wamemchungia Mzungu yule ng'ombe tangu enzi za baba zao waliambiwa wahame, wakabanana kwenye kipande chenye mawe kando ya mto. Mmoja wao alikuwa Rael, mama yake Jepkemboi aliyesoma darasa moja na Wamucii. Rael ndiye aliyewaletea akina Wacera maziwa wiki ya kwanza, Wamucii alipokuwa na homa, na kanisani waliketi benchi moja. Siku moja alimwonyesha Wacera mahali baba yake alipozikwa, katikati ya mahindi ya Wacera. Tangu hapo Wacera hakulima tena pale. Kwa hiyo alijua. Tusije tukamtetea kwamba hakujua.

Basi Mwalimu Wasike akawapa watoto kazi: waulizeni wakubwa wenu, nani aliishi hapa kabla yenu, na kwa nini aliondoka? Majibu yangesomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule.

Kwa Rael hapakuwa mbali, ukiita unasikika. Wacera hakumtuma mtoto huko. Alifungua kitabu cha Yoshua, akaanza kumtajia mtoto maneno ya kuandika.

Wamucii akainua penseli. "Lakini Mama, si Mama Jepkemboi ndiye alikuwa anaishi hapa?"

"Wewe andika vile nimekwambia."

Jibu la Rael lingemkosesha usingizi. La Yoshua lilimpa cheo.

Siku ya kufunga shule Wamucii alisoma kwa sauti nzuri, kifua mbele. "Sisi ni kama wana wa Israeli. Mungu alituahidi shamba hili. Wale walioishi hapa walifukuzwa kwa sababu ya dhambi zao."

Wanaume wa kampuni walipiga makofi hadi vumbi likatoka kwenye makoti yao. Rael, aliyeketi ubavuni mwa Wacera, naye alipiga makofi, polepole, mara tatu. Akaiweka mikono yake mapajani.

Kisha akaitwa Jepkemboi. "Hapa tuliishi sisi," alisoma. "Wageni walipokuja mama yangu aliwapelekea maziwa. Aliniambia Ibrahimu pia aliwapokea wageni."

Hakuna aliyepiga makofi. Aibu ilimvaa Wacera tangu utosini. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na hata ardhi yenyewe aliona haya kuiomba. Yeye na Rael walikuwa wamewafundisha watoto wao kutoka kitabu kile kile.

Kesho yake asubuhi alimshika Wamucii mkono, na daftari lake, wakateremka hadi mtoni. Rael alikuwa akiosha vibuyu vya maziwa mlangoni. Aliwakaribisha, akamletea mtoto kigoda. Wacera aliambiwa aketi, akashindwa kuketi.

"Dada, nimekuja mtoto aandike upya," alisema. "Akuulize wewe."

Rael alikubali. Alimtaja baba yake, mzee Kipyego, na mama yake, na ndugu sita waliozaliwa pale, na mwaka ambao lori la kampuni lilikuja kuwahamisha. Wamucii aliandika yote kwa uangalifu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Alipomaliza aliinua kichwa, kwa heshima zote alizofunzwa.

"Na mlifanya dhambi gani, Mama Jepkemboi, mkafukuzwa?"

Mikono ya Rael ilisimama ndani ya kibuyu. Hakumtazama mtoto.

"Muulize mama yako," alisema.

Wamucii akageuka, akangoja aya. Wacera aliutazama uso ule uliomwamini kwa kila jambo, machozi yakamtoka.

"Hakuna," alisema. "Andika hivyo. Hawakufanya dhambi yoyote. Mimi ndiye nilikudanganya."