Siku Niliyowashukuru Wabunge Mpaka Wakaondoka

Aibu yangu hii nusu ya watu wa kilima chetu waliiona kwa macho na nusu nyingine waliisikia redioni, kwa hiyo kuificha ni kazi bure, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Mama Aline, jirani yangu, ambaye akifika kwenye fimbo anainuka kabisa na kuniigiza.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, huko Karagwe, Tanzania, tulikokulia ukimbizini (mwalimu alinipenda, ng'ombe wa baba ndio hawakutaka nikae darasani), lakini mdomo Mungu alinipa. Tangu turudi, huku pembeni mwa Kigali, vijana wengi wa kilima chetu wakienda kuposa mimi ndiye msemaji wao. Na posa za kwetu mnazijua, huendi kwa watu ukasema tunataka binti. Unashukuru kwa kiti, unashukuru kwa kinywaji, unauliza ng'ombe wameamkaje, na mwenyeji akikuuliza mna shida gani, unaruka mbali, unasema sisi hatuna shida yoyote, tulikuwa tunapita tu tukasema tuwasalimu, watu wanacheka, wanapiga makofi, na hapo ndipo posa yenyewe inaanza. Anayemtaja binti mapema hakulelewa.

Sasa, mke wangu Vestina alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mituweli, ile bima ya afya, tulikuwa tumelipa, kama kila mtu, lakini tukifika kituo cha afya (kipi, sisemi) yule binti wa dirishani, mpole kweli, anasema, "Mama, dawa yako imeisha tena, mujaribu famasi ya nje." Famasi ya nje iko kule chini Kagugu, na bei yake ni ya watu wenye magari. Basi Vestina akawa anameza leo, kesho anaruka, na kidonda cha mguuni kikakataa kufunga. Wala hakuwa peke yake, wenye sukari na wenye presha kilimani ni wengi.

Ndipo tukasikia wabunge wanakuja kutuuliza wenyewe huduma zikoje, halafu wamwite mkubwa mmoja wa serikali aende kujieleza bungeni. Majirani tulifurahi sana. Tukakutana, tukaulizana nani atasema, na Mama Aline hata hakufikiri.

"Si tuko na huyu muzee? Alitupatia binti wa mwanajeshi kule Kanombe, dawa ndiyo itamushinda?"

Asubuhi yake Vestina alinifunga shuka begani, ile nyeupe ya sherehe, akanipa na fimbo yangu, akaniangalia kama mtu anayemtuma mtoto dukani. "Sema neno moja tu. Dawa ya sukari hakuna. Ukimaliza, kaa chini."

Nikamwambia sawa. Ila njiani niliamua nianze na shukrani kidogo tu, kwa adabu, maana wageni wametoka mbali. Hiyo kidogo ndiyo iliyoniponza.

Hema lilikuwa uwanjani pa kituo, viti vya plastiki, wabunge mbele pamoja na yule mkubwa, katikati yao mbunge mmoja, mama wa miwani, mheshimiwa kweli, anayesikiliza kwa shingo yote. Nikapewa kipaza sauti. Nikashukuru kwa safari yao. Makofi. Nikashukuru kwa barabara, kwa taa za barabarani, kwa vigae vya kituo (vinang'aa, huo si uongo, unaona sura yako huku unaambiwa dawa imeisha, lakini hiyo nilikuwa naiweka kwa baadaye). Nikauliza habari za ng'ombe wao. Kicheko, makofi tena, na mimi makofi yakinipata, ndugu zangu, ni kama pombe, nikasahau niko wapi, nikaona mbele yangu wakwe.

Yule mama akatabasamu, akainamia karatasi yake, akaniuliza wazi kabisa, "Asante mzee wetu. Sasa tuambie, hapa mna shida gani? Dawa mnapata?"

Ndugu zangu. Mlango ameufungua yeye mwenyewe. Na mimi mdomo ukaenda ulikozoea.

"Mheshimiwa," nikasema, "sisi hatuna shida yoyote, tumekuja kuwasalimu tu!"

Hema lilipasuka kwa kicheko, maana watu wa kilima walijua kwamba sasa ndiyo naingia, hata yule mama alicheka, ni Mnyarwanda, posa anazijua. Nikanyamaza kidogo nivute pumzi, ndivyo inavyotakiwa. Na katika pumzi hiyo hiyo kijana mmoja wa itifaki akaonyesha saa yake, akasema wanangojwa kilima kingine, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu kwa adabu kabisa, na wageni wakasimama.

"Bado sijafika!" nikasema. Nani asikie, makofi bado yanalia. Nikawafuata mbio, shuka ikanaswa na kiti, nikakivuta kiti chenyewe nyuma yangu hadi kwenye maua ya kituo, nikaanguka humo, fimbo kule, mimi huku. Watu wakapiga picha. Yule mama akashusha kioo cha gari. "Pole mzee, asante sana, tumekusikia!"

Walikuwa wamenisikia kweli. Siku ya bunge redio zote kilimani zilikuwa wazi. Yule mama alimbana yule mkubwa, alimbana hasa, dawa za sukari na presha zinakosekana kwa nini, watu wamelipa, na mkubwa akawa anapekua makaratasi, mpaka mimi nikaanza kupumua. Halafu mkubwa akasema, "Waheshimiwa, tulipokwenda pamoja kwa wananchi, mzee mmoja mwenye fimbo alisema mbele yenu hawana shida yoyote." Bunge likacheka. Yule mama akasema, kwa sauti ndogo, "Ni kweli, alisema." Wakahamia jambo lingine.

Mama Aline alikuwa amesimama mlangoni kwetu. "Fimbo hiyo ni yako, muzee," akasema, akaenda zake.

Vestina alikuwa ameweka mguu kwenye beseni. Nilingoja anitukane, ingenisaidia. Akasema tu, "Ulipokuja kwetu kuniomba ulizunguka hivi hivi. Baba yangu alisinzia." Akacheka kidogo, akaendelea kuosha mguu. "Lakini siku ile mimi nilikuwa na muda wa kungoja."

Mguu walikuja kuukata. Baadaye na yeye akaenda. Sisemi kwamba ningesema lile neno angepona, mimi si daktari, lakini lingekuwa limesemwa.

Siku ya mazishi, kama desturi, mfiwa anapewa nafasi ya kuwashukuru waliokuja. Mama Aline mwenyewe alinipa kipaza sauti. Watu wakatulia, wanajua naanzaje. Nikasema, "Dawa ya sukari hakuna." Nikakaa chini. Hakuna aliyepiga makofi, na wote waliokuwa pale walikuwa wanalijua hilo kabla yangu.

Posa siendi tena, wanisamehe vijana. Ile shuka tulimfunika nayo. Fimbo ninayo, ya kutembelea. Na wabunge wakirudi (hawajarudi, lakini watarudi, yule mama naamini atarudi) nitasimama bila kuitwa, nitasema neno la Vestina kwanza, na habari za ng'ombe wao nitawauliza wakati wanapanda gari.