Kwa Saa Yako au Yangu

Mimi si mtu wa hadithi za majini. Kazi yangu ni kuwafundisha askari wa usalama barabarani kumtambua dereva aliyetumia bangi, mirungi au dawa nyingine, kwa hiyo kila aina ya uongo nimeshausikia. Hili si uongo. Lilinipata mwenyewe, mchana kweupe, pale Fukayosi, na nimechoka kuulizwa kama siku ile nilikuwa nimevuta kitu.

Ilikuwa siku ya ndoa ya binti yangu Rukia, Bagamoyo mjini, baada ya swala ya Alasiri. Nani wa kumwozesha kama si baba yake? Asubuhi alinisihi nisiende kazini. Nikamwambia nina somo moja tu la vitendo, adhuhuri namaliza, nakuja.

Ungewaona wanafunzi wangu ungenihurumia. Kwao kila mwenye macho mekundu kavuta bangi. Niliwaeleza hadi koo likakauka kwamba hata vumbi na usingizi hufanya macho mekundu, ndiyo maana kuna vipimo. Kimoja ni hiki: dereva anasimama wima, anafumba macho, anahesabu kimoyomoyo sekunde thelathini, kisha anasema "tayari". Wewe unatazama saa. Dawa humvuruga mtu asijue muda unavyokwenda, kwa hiyo atawahi mno au atachelewa mno. Kuna ugumu gani hapo? Wao wanasahau hata kutazama saa.

Nilishashika ufunguo wa pikipiki niondoke, wakasimamisha Fuso lililojaa mananasi ya Kiwangwa. Dereva alikuwa mzee wa barakashea, mpole. Nikampa shikamoo, akaitikia. Wanafunzi wakaanza kubishana nani ampime. Nikapandwa na hasira, nikawaambia wapishe, nampima mwenyewe, watazame kwa mara ya mwisho.

Nilipomaliza kumweleza, mzee akaniuliza, "Nihesabu kwa saa yako au yangu, mwanangu?"

Swali gani hilo, na mimi nina haraka ya ndoa? "Kwa yako, mzee wangu. Tumalize."

Akafumba macho. Mimi nikakazia macho saa yangu. Wallahi, mshale wa sekunde ulikwenda nusu mzunguko, haukuzidi. Nikamsikia akisema, "Tayari. Mpe bibi harusi mkono wa heri."

Habari ya harusi sikuwa nimemtajia mtu pale. Nikainua kichwa. Hapakuwa na mzee wala Fuso. Jua lilikuwa linazama, na wanafunzi wangu wamekaa majanini wanakula mananasi. Nikauliza dereva yuko wapi.

"Aliondoka zamani, afande," mmoja akajibu. "Ulibaki peke yako unatazama saa. Tulidhani ni sehemu ya somo."

Sehemu ya somo! Mwalimu wao kasimama juani mchana kutwa kama kibao cha barabarani, na hakuna hata mmoja wa kumgusa bega. Simu yangu ilikuwa imejaa miito ambayo sikuisikia. Nilitamani kulia.

Nilipofika nyumbani ndoa ilikuwa imeshafungwa. Walinisubiri hadi sheikh akasimama badala yangu. Mke wangu alininusa shati mbele ya wageni. Rukia hakugomba, na heri angegomba. Kipimo kile nilikuwa nikikifanyia mazoezi kwake, anakijua. Alinisimamisha sebuleni, akasema taratibu, "Fumba macho, baba. Hesabu thelathini."

Nikahesabu kwa makini, kama ninavyofundisha. Nikasema tayari, nikafumbua macho.

Sebule ilikuwa tupu, mikeka imekunjwa. Rukia alikuwa ameshapelekwa kwa mumewe. Mke wangu anasema waliniita, wakanitikisa, na binti yangu akaniaga akinishika mkono huku analia. Sikuhisi kitu.

Tangu siku hiyo sithubutu kuhesabu nikiwa nimefumba macho, na kipimo kile nimewaachia wengine wakifundishe. Nawe, uwe askari au raia, mtu usiyemjua akikuuliza ahesabu kwa saa ya nani, hata kama una haraka ya namna gani, mwambie ahesabu kwa saa yako wewe, si yake.