Silinda nne au nane

Leo nimelia kwenye duka la magari Ghubra, hapa Maskati, mbele za watu.

Nilikuwa nishaamua kuchukua ya silinda nne. Safari zangu ni kazini Khuwair na kurudi, injini kubwa ya nini?

Nikenda na baba. Baba yangu huyu, zamani akikaa barazani na kututajia injini ya kila gari inayopita, bila ya kuinua macho.

Muuzaji akaanza kwa kuiwasha ya silinda nane. Watu wote dukani wakageuka.

Baba hakugeuka. Akaniuliza, "Mbona hawaiwashi?"

Muuzaji akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi nikamtazama baba usoni. Hakuwa na mzaha.

Na mie siku zote hizi nnamlaumu kwa kutopokea simu.

Nikamshika mkono, nikauweka juu ya boneti. Akatabasamu. "Nane hii."

Ikawashwa ya silinda nne. Akauweka mkono mwenyewe, akangoja. Akanitazama, bado anangoja.

Nimechukua ya nane. Habari za mafuta msiniambie leo.