Siku Mzee Rajabu Alipotoka Kwenye Komite

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nikiwa bado na nguvu za kupanda kilima bila kupumzika, nilipomfuata Mzee Rajabu mpaka kwake kumwomba asiondoke. Leo umeniletea habari kwamba umechaguliwa kuingia komite ya mipango ya mji, nami nimefurahi mpaka chai imemwagika. Ila kaa kwanza, nikwambie niliyoyaona humo.

Wakati huo kila mtaa wa mji wetu huu wa Rumonge ulitoa mtu mmoja, wavuvi wakatoa wao, mafundi wa ujenzi wao, na sisi wanawake tukapewa kiti kimoja. Wakanikalisha mimi, mwalimu wa shule ya msingi, kwa kuwa nilijua kubishana. Muhula ulikuwa miaka mitatu, na mtu aliweza kurudi mara moja tu, basi. Jambo likigusa nyumba yako au ndugu yako, ulitoka nje mpaka wenzako wamalize kupiga kura. Mwenyekiti alikuwa huyo Mzee Rajabu, mpika sabuni ya mawese, mtu mwenye sauti ya upole, lakini ukichelewa mkutanoni utajuta.

Basi akaja tajiri mmoja, akaomba ufuko wa kuanikia ndagala ili ajenge depo la bidhaa zake. Ufuko ule, mwanangu! Asubuhi wanawake walitandaza wale samaki wadogo wa ziwa letu juu ya mchanga, pakang'aa mpaka macho yanauma, huku wakitaniana kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa Kibembe cha wale waliotoka ng'ambo, Kongo. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Hata sasa nikinusa ndagala wakiwa juani, namtafuta kwa macho. Najua hayupo, namtafuta tu.

Kwa sababu ya mama, mimi nilitakiwa kutoka nje siku ya kura. Wajumbe wengine walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo kura ya Mzee Rajabu ndiyo ingeamua, naye alikuwa upande wa ufuko. Tajiri alilijua hilo. Akaomba jambo lake liahirishwe, mara kwa sababu hii, mara kwa sababu ile, mpaka muhula wa pili wa mzee ukafika mwisho. Baadhi yetu tukamsihi aendelee kwa kikao kimoja tu, nani angelalamika? Yeye akachukua kofia yake akaenda zake. Ndipo nikamfuata nyumbani.

"Muzee, ukitoka leo, ufuko wanaukamata," nikamwambia.

"Najua, mutoto wangu. Na miye iko inaniuma. Mama yako ananiuzia ndagala tangu sijaota mvi."

"Sasa si ubaki mpaka hii kazi iishe?"

Akaacha kukoroga sabuni. "Kazi ya mji haiishake. Nikibaki leo kwa ajili ya mama yako, kesho mwingine atabaki kwa ajili ya tumbo lake, na atasema ni Rajabu alimufundisha. Weye ni mwalimu. Unataka nifundishe hiyo?"

Niliondoka nimekasirika.

Siku ya kura alikuja, akaketi kwenye benchi la wananchi, akanyoosha mkono kuomba neno kama mtu yeyote, akautetea ufuko mpaka sauti ikamkauka. Mimi nikatoka nje, wakapiga kura, na mwenyekiti mpya akampa tajiri kura yake. Tukashindwa. Mama akahamia Kabonga, ufuko mwingine wa mbali, kwa dada yake, akaanike huko, maana hakujua kazi nyingine wala hakutaka kulishwa na mtu. Nilikuwa namfuata wakati wa likizo. Alifia huko, akazikwa huko. Siku hizi ziwa limepanda, hata ule mchanga wa hapa kwetu hauonekani tena. Nina hamu nao, mwanangu. Nina hamu na kelele zao zote, na mama akiniita kwa mbali nimletee maji.

Sasa sikia. Mwenyekiti aliyefuata alikuwa rafiki wa yule mwenye depo. Muhula wake wa pili ulipoisha, akasema atabaki, kazi haijaisha. Wakasimama wale wale wanawake walionyang'anywa ufuko, wakamwuliza: "Muzee Rajabu alitoka na kazi yake ikabaki nusu. Weye uko nani?" Akakusanya karatasi zake, akatoka. Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wangu, naye alikuwa amekwisha kufariki. Natamani ningemfikishia habari ile, hata kwa dakika moja.

Kwa hiyo nakuambia wazi. Jambo likigusa damu yako, toka nje, hata ukijua mtashindwa. Ukiwa ndani, sema kwa nguvu zako zote. Na muhula wako utakapoisha, utakuta mtu analia mlangoni akikuomba ubaki, na sababu yake ni nzuri, na huenda unampenda. Mfute machozi, kisha utoke.

Mungu akupe ulimi wa kuwatetea watu na moyo wa kuachia. Na siku utakapokuwa huna cheo chochote, watu wa Rumonge wavuke barabara kuja kukusalimia. Nenda, mwanangu. Amahoro, amani iwe nawe.